Baruti ya Kujazia Ganda la Kale

Ulengaji shabaha wa kikauboi ni mchezo uliozaliwa kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wachezaji hushindana kwa silaha za mtindo wa karne ya 19: bastola mbili ambazo lazima zikokwe kwa mkono kabla ya kila mfyatuo, bunduki ya wenzo na bunduki ya marisau. Chama chake kikuu, Single Action Shooting Society, kiliundwa mwaka 1987. Shabaha ni mabamba ya chuma yaliyosimamishwa karibu, na mwendo wa mchezo ni wa kasi. Risasi zinazotumika ni nyingi, ndiyo maana wachezaji wengi huokota maganda yao na kuyajaza upya nyumbani. Katika kazi hiyo nzima, hakuna hatua inayodai busara kuliko kuchagua baruti.

Ugumu wa uchaguzi huo umo ndani ya ganda lenyewe. Risasi ya .45 Colt ilitoka mwaka 1873 pamoja na bastola ya Colt iliyokuja kuvuma duniani. Mwaka huohuo Winchester ikatoa bunduki yake ya .44-40. Maganda hayo yote mawili yalipimwa kwa baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti, ambayo ni jamii moja na ile inayoshindiliwa kwenye gobori. Kila ganda lilibeba greni 40 hivi, yaani takriban gramu 2.6. Baruti nyeusi haina nguvu nyingi kwa ujazo wake, kwa hiyo ganda lilibidi liwe na tumbo kubwa. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille aliunda baruti isiyo na moshi mwingi, ambayo kiasi chake kidogo tu kinatosha kufanya kazi ileile. Silaha na maganda ya zamani yakaendelea kupendwa, lakini baruti mpya ikiwekwa ndani inakaa chini kabisa na kuacha uwazi mkubwa juu yake. Kila uamuzi wa mjazaji wa leo ni namna ya kuujibu uwazi huo.

Uwazi huo una madhara matatu. La kwanza na baya zaidi ni kujaza mara mbili. Kipimo kikiwa kidogo, ganda linameza vipimo viwili na bado nafasi inabaki. Mjazaji asipoona, risasi hiyo inaweza kupasua bastola mkononi. La pili ni kuhamahama kwa baruti. Mdomo wa bastola ukielekea chini, baruti husogea mbele, mbali na fataki inayoiwasha. Ukielekea juu, hurudi nyuma na kuigusa. Baadhi ya baruti hubadilisha kasi ya risasi kwa sababu hiyo tu. La tatu ni shinikizo hafifu: ganda halitanuki vya kutosha kuziba chemba, masizi yakarudi nyuma, na chembe zisizoungua zikabaki ndani ya mtutu.

Kanuni za mchezo nazo zinaelekeza uchaguzi. Vichwa vya risasi lazima viwe vya madini laini ya risasi, kwa sababu shabaha ni chuma na vipande vinavyoruka vinaweza kumjeruhi mtu. Kasi ya risasi ya bastola isizidi futi 1,000 kwa sekunde, na ya bunduki ya wenzo isizidi 1,400. Kwa upande wa chini, kasi isipungue futi 400, na uzito wa kichwa kwa greni ukizidishwa kwa kasi kisha kugawanywa kwa 1,000 upate angalau 60. Kichwa cha greni 125 kinachokwenda futi 500 kinapata 62.5, kwa hiyo kinapita. Kinachotakiwa hapa ni upole na usawa, maana bastola isiyoruka mkononi hurudi kwenye shabaha upesi.

Kwa mahitaji hayo, baruti zinazoungua polepole hazifai. Hizo hutaka shinikizo kubwa ndipo ziungue zote, na mahali pake ni kwenye risasi nzito zenye nguvu. Zinazofaa ni zile zinazoungua haraka. Bullseye na Unique zimekuwepo tangu zamani, na zina wapenzi wake mpaka leo. Red Dot na Clays ni baruti za bunduki za marisau zilizopata kazi ya pili katika bastola. Punje zake ni vibapa vyepesi vinavyochukua nafasi nzuri ndani ya ganda. Titegroup ni nzito na laini, hupimika kwa usawa mashineni, na kuhamahama kwake hakubadilishi kasi sana. Ila kipimo chake ni kidogo mno, na anayeichagua ameahidi kulitazama kila ganda bila kuchoka.

Jibu la moja kwa moja kuhusu uwazi ni Trail Boss, baruti iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu. Kila punje yake ni kipete chenye tundu katikati. Vipete hivyo havilaliani vizuri, hewa inabaki kati yake, na uzito mdogo unajaza sehemu kubwa ya ganda. Katika .45 Colt baruti inapanda juu mpaka jicho linaiona mara moja, na kipimo cha pili hakijifichi. Sharti lake ni moja: isishindiliwe kamwe. Vipete vikivunjika, eneo linaloshika moto hubadilika na shinikizo hupanda.

Baruti nyeusi ina kanuni zilizo kinyume na hizo. Wapo wachezaji wanaoitumia kwa makusudi, katika makundi ya mashindano yaliyowekwa kwa ajili yao, kwa sababu wanataka ngurumo na wingu la moshi vya mwaka 1873. Humo ndani ya ganda hapatakiwi uwazi hata kidogo: kichwa cha risasi lazima kiikalie baruti na kuibana kidogo. Ukubwa wa punje ndio huamua wepesi wa kuungua, na huandikwa kwa herufi: FFg ni punje kubwa, FFFg ni ndogo zaidi na hupendwa kwa bastola. Kichwa hupakwa mafuta laini yenye nta ya nyuki ili masizi yasigande. Masizi hayo hunyonya unyevu na kuleta kutu, hivyo silaha husafishwa kwa maji siku hiyohiyo. Kwa silaha za kale zilizoundwa kabla ya baruti mpya kuenea, hii ndiyo baruti salama.

Ufundi wenyewe unaonekana mezani. Pana kopo moja tu la baruti, jina lake likisomeka. Makopo mengine yamefungiwa mbali, kwa kuwa baruti mbili zikichanganyika hazina tena jedwali la kuziongoza. Kitabu cha vipimo cha mtengenezaji kimefunguliwa, na mjazaji anaanza na kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa. Mizani inahakikiwa kwa jiwe lake. Maganda 50 yamesimama kwenye ubao wa matundu, taa imeshushwa, na kabla ya kichwa hata kimoja kukaa mahali pake, jicho linapita tundu kwa tundu likitafuta ganda lililopungukiwa au lililozidi. Likionekana moja la kutiliwa shaka, linamwagwa na kupimwa upya.

Hukumu ya mwisho hutolewa uwanjani. Ganda lililotoka likiwa safi, mtutu usio na chembe mbichi, na kasi isiyoyumba mdomo ukielekea juu au chini, ni ushahidi kwamba baruti imelingana na ganda. Hapo mjazaji huandika kipimo chake daftarini, pamoja na aina ya kichwa na fataki, na kubandika karatasi yenye maelezo hayohayo kwenye boksi. Akibadilisha hata kimoja kati ya hivyo, hurudi kwenye kipimo cha chini na kuanza upya. Nidhamu hiyo ndiyo inayoufanya ujazaji kuwa ufundi wa kuheshimiwa.