Tajiri wa Nani?

"Shikamoo dada. Kuna mtu analitaka lile shamba."

Mdogo wangu alinipigia kutoka Bungu, wilayani Kibiti. Shamba lenyewe ni eka tatu za mikorosho alizotuachia baba, na mnunuzi alitaka jibu kabla ya Ijumaa. Nilimwambia nitafikiri. Kisha, kama tufanyavyo sisi tuliosomeshwa kwa korosho, nikaenda kutafuta jibu kwenye kitabu.

Nilikichukua *Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert. Utubora ana kazi nzuri Unguja, na mwajiri wake, Ahmed, hataki kumpoteza. Anaiacha kazi hiyo, anavuka kwenda Busutamu kulima, na huko anapata utulivu ambao mshahara haukumpa. Nilipokisoma shuleni nilikipenda kupita kiasi. Nilijibu swali la mtihani kwamba utajiri wa kweli ni kuridhika, nikapata alama zote.

Safari hii kilinikera. Kitabu kinatutaka tuamini kwamba amani ya Utubora inatoka moyoni mwake. Hata jina lake linatuhubiria hivyo. Lakini tazama alivyoondoka. Ana ujuzi unaotakiwa na hafukuzwi na deni. Anaacha kitu kwa sababu anaweza kukiacha. Mwandishi anausifu moyo na kuupita haraka uwezo huo, ilhali ndio uliomfikisha Busutamu. Ukiuondoa, hadithi inabaki mawaidha ya kumwambia maskini atulie na umaskini wake.

Kiswahili chetu cha kila siku kina akili zaidi hapa. Shuka Nyamisati, bandari ya kwenda Mafia, usikilize neno "tajiri" linavyotumika. Mara nyingi si mtu mwenye fedha nyingi tu, ni tajiri wa mtu fulani: mwenye chombo, mwenye nyavu, aliyemkopesha mvuvi mafuta na sasa anamngoja ufukweni achukue kaa na kamba kwa bei yake. Mvuvi hawezi kumkatalia. Kwa hiyo swali la pwani si "ana kiasi gani?" Ni "tajiri wake nani?"

Delta ya Rufiji iliwahi kuulizwa swali hilo kwa ukubwa wake. Katika miaka ya 1990 ulikuja mradi wa kufuga kamba uliotaka takriban hekta 10,000, ndani ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki. Kwa hesabu ya mradi, pale palikuwa na matope yanayongoja mtaji. Kwa watu wa delta palikuwa na mazalio ya samaki, nguzo za nyumba na mashamba ya mpunga. Wengine waliukubali, wengine wakaupinga hadi mahakamani, na mwishowe mabwawa yale hayakujengwa. Waliopinga hawakuwa watu walioridhika na shida zao. Walijua tu kwamba ukishamkabidhi mtu mahali unapopata kitoweo, kesho huna pa kusimama ukimwambia hapana.

Nikirudi kitabuni kwa jicho hilo, naona thamani yake iko mahali pengine kuliko nilipofundishwa. Kilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki na mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kwa hiyo ni rahisi kukisoma kama sifa kwa jembe. Mimi naona ukurasa wake wenye nguvu ni ule ambao mtu anamwambia mwajiri wake kwamba anaondoka. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, bila shaka alijua uzito wa maneno hayo.

Alhamisi nikampigia mdogo wangu, nimejiandaa na hotuba yangu ya kukataa: ardhi ndiyo inayotupa uwezo wa kusema hapana, tusiiuze. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Dada, pikipiki ninayoendesha si yangu. Kila siku nampelekea tajiri elfu nane, nipate abiria nisipate. Nikiugua, anampa mwingine. Nataka nami niweze kumwambia hapana."

Sikuwa na jibu. Alikuwa ameishika hoja yangu vizuri kuliko mimi. Mimi naweza kulitetea shamba kwa sababu mshahara wangu unaingia mwisho wa mwezi. Nilikuwa Utubora, nikimhubiria mtu asiye na pa kuondokea.

Tumekubaliana hatuuzi kabla ya msimu. Korosho za mwaka huu zote ni zake, aanzie hapo kununua pikipiki, na kitakachopungua nitaongeza mimi. Mnunuzi hakufurahi. Ametuambia bei hiyo hatutaipata tena, na huenda ni kweli.