Baba Yetu na Maneno Yetu Yaliyosafiri

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisahihisha insha za kidato cha pili, tulikuta sentensi hii: "Jioni tulirudi nyumbani yetu." Tukaipigia mstari mwekundu na kuandika "kwetu" pembeni, kama tulivyofanya mara nyingi kabla ya siku ile. Mwenye insha, kijana msikivu asiyependa mabishano, alikuja mezani petu wakati wa mapumziko. Hakuja na kitabu cha sarufi. Alikuja na wimbo, akauimba kwa sauti ya chini mbele ya walimu waliokuwa wakinywa chai, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona hawa wanasema yetu baada ya mbinguni, na dunia nzima imewasifu?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wasomaji wa taarifa yetu wamezoea kuona humu uhakiki wa riwaya na diwani, nao watatuwia radhi tukiwaletea safari hii wimbo uliozaliwa ndani ya mchezo wa kompyuta. Lakini wanafunzi wetu hawakutani na Kiswahili katika diwani peke yake. Wengi hukutana nacho kwanza katika filamu, katika michezo na katika simu za kaka zao, nasi hatuna budi kujua ni Kiswahili gani wanachokikuta huko.

Wimbo wenyewe ni "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo uitwao Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005. Tin alisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, na huko aliwahi kukaa chumba kimoja na Soren Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa msanifu mkuu wa mchezo huo. Waimbaji wa kwanza walikuwa kwaya ya wanafunzi wa chuo hicho, iitwayo Talisman. Mwaka 2009 mtunzi aliurekodi wimbo huo upya pamoja na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, akauweka katika albamu yake Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Mwaka 2011 wimbo ukapata tuzo ya Grammy, na ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kuipata tuzo hiyo. Maneno yake ni Sala ya Bwana, ile ile inayosaliwa makanisani mwetu kila Jumapili, ikiwa imepangwa upya ili ilingane na mahadhi.

Ili kuupima wimbo huu kwa haki, yafaa kwanza tukumbuke jinsi Kiswahili kilivyokuwa kikitumiwa na watu wa mbali kabla yake. Aghalabu kilitumiwa kwa neno moja moja, kama shanga inayochomolewa kwenye uzi. Katika Star Trek, mfululizo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani aliitwa Uhura, na sehemu hiyo ilichezwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na "uhuru". Wakati huo Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru, Uganda minne, wala Kenya mitatu. Kumpa mwanamke mweusi jina hilo, na kumweka mahali pa heshima katika chombo kile, halikuwa jambo dogo. Hata hivyo mwalimu wa lugha hawezi kuacha kuuliza: kwa nini irabu ya mwisho ilibadilishwa? Ilibadilishwa ili jina lilegee na lifae kwa mwanamke, kana kwamba Kiswahili, kama Kilatini, humtambua mwanamke kwa irabu ya "a". Lugha yetu haina tabia hiyo. Mwanamume akiitwa Juma na mwanamke akiitwa Zuhura, herufi ya mwisho haimwambii mtu lolote. Tuongeze, kwa kuwa haki ni haki, kwamba watungaji wa mfululizo huo hawakuishia kwenye jina: katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe aliyejigeuza mtu anamsemesha Uhura kwa Kiswahili.

Jenga ni mfano unaotufurahisha zaidi. Mchezo huo wa vipande 54 vya mbao, vinavyopangwa vitatu vitatu katika safu 18, uliingizwa sokoni na Leslie Scott huko London mwaka 1983. Bibi huyo alizaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, na alikijua Kiswahili tangu utotoni. Mchezo wenyewe ulianzia nyumbani kwao Ghana, kwa vipande vya mbao kutoka Takoradi. Ajabu yake ni kwamba jina linatuamuru tujenge, na mchezo wote ni kubomoa kidogo kidogo huku tukijidai tunajenga. Atakayesema ni kejeli iliyokusudiwa hatutambishia. Angalau hapa kitenzi kimeachwa katika umbo lake halisi la kuamuru, nasi tumekwisha kukitumia darasani kufundishia mnyambuliko: jenga, jengea, jengeka, jengwa, jengana.

Kuhusu "hakuna matata" ya filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 hatutasema mengi, kwa sababu yamekwisha kusemwa. Kampuni ya Disney iliyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi malalamiko ya kuipinga. Wakati wa ghadhabu ile tulishangaa kwamba wachache waliuliza ni nani hasa husema hivyo. Nyumbani na sokoni watu husema "hamna shida" au "hakuna wasiwasi". "Matata" wameachiwa watalii. Nayo kampuni ya Apple, iliyoiita programu yake ya kupitia intaneti Safari mwaka 2003, ilichukua neno ambalo Kiingereza kilikuwa kimeliazima kwetu muda mrefu, kama sisi tulivyoliazima kwa Waarabu.

Katika mifano hii yote, lugha imetoa majina ya vitu, na aghalabu haikuombwa iseme jambo lenye kichwa na miguu. Hapo ndipo "Baba Yetu" inapojitenga. Mtunzi alichukua sala nzima, yenye sentensi zake na viambishi vyake, akaikabidhi kwaya. Kwa mara ya kwanza, kwa kadiri ya usikivu wetu, mamilioni ya watu wasiojua Kiswahili wamekariri upatanisho wa kisarufi bila kujua wanakariri nini. Ndani ya sala hiyo "jina" linapata kiambishi chake cha "li", na "chakula" kinapata "ch" yake. Mna kitenzi kimoja ambamo zimebanana habari nne: ya watendaji, ya wakati, ya namna, na ya wanaotendewa, kama vile sisi tungesema "tunavyowasikia". Kiingereza kingehitaji maneno kadhaa kuieleza habari hiyo. Kwaya inaipitisha kwa pumzi moja, na msikilizaji anabaki akishangaa utamu wake umetoka wapi. Umetoka katika sarufi. Tumewaambia wanafunzi hivyo na hawakutucheka.

Tena msamiati wa sala hiyo una somo lake. Mkristo anayeiimba hutamka "samehe" na "dunia", maneno yaliyotoka katika Kiarabu na kulelewa na Waislamu wa pwani kabla ya kufika makanisani. Darasa letu lina wanafunzi wa dini zote mbili, nasi tuliogopa kidogo kuuleta wimbo wa sala mbele yao. Jambo hilo la asili ya maneno lilitufungulia mlango: wa upande mmoja waliiona sala yao, wa upande mwingine waliyaona maneno yao.

Sasa turudi kwenye lawama ya kijana wetu, maana ni lawama ya kweli. Katika wimbo huu "yetu" inasikika kila mahali. Inamfuata "baba", na hapo ni sahihi, kwa kuwa majina ya jamaa kama baba, mama na dada hupatana na "yangu", "yako", "yetu", ingawa ni majina ya watu. Inayafuata "makosa", na hapo pia ni sahihi, ila kwa sababu ya ngeli nyingine kabisa. Kisha, kwa ajili ya kulijaza pigo la muziki, inarudiwa mara baada ya "mbinguni". Hapo sikio linadanganyika. Neno lenye "-ni" ya mahali hutaka "kwetu", "petu" au "mwetu".

Kosa kama hilo lingekuwa dogo kama wimbo ungesikilizwa Zanzibar, ambako mtoto ameshajua "kwetu" kabla ya kwenda shule. Kwetu Uganda si dogo. Kiswahili ambacho wengi wetu tulikisikia utotoni kilikuwa cha kambini na cha vizuizi vya barabarani, na katika Kiswahili hicho "yangu" na "yetu" zimemeza ngeli zote: "mtoto yangu", "kitabu yangu", "nyumbani yetu". Idi Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tangazo halikuleta walimu, na lugha ikabaki na harufu ya bunduki. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi tunayepokea leo anatoka katika nyumba ambamo huenda bibi yake angali anashtuka akisikia amri kwa Kiswahili. Kwake yeye wimbo huu ni hazina, kwa kuwa kwa mara ya kwanza anaisikia lugha hii ikiomba, wala haiamuru. Ndiyo maana hatutaki imfundishe "yetu" ya kambini kwa sauti ya malaika.

Tuna neno jingine kwa waliotengeneza mchezo, si kwa mtunzi wa wimbo. Mchezaji wa Civilization IV hupewa taifa changa mwaka 4000 kabla ya Kristo, akalikuza hadi zama za vyombo vya angani. Wimbo wa Kiswahili ndio unaomkaribisha, huku picha ya dunia ikizunguka mbele yake. Lakini akifika kuchagua taifa, katika yale 18 ya toleo la kwanza atakuta Mali na Misri kutoka Afrika, na hatakuta Waswahili. Kilwa, iliyofua sarafu zake yenyewe na kufikiwa na Ibn Battuta mwaka 1331, haimo. Lugha yetu imefanywa bawabu wa nyumba ambayo wenyewe hawana chumba ndani yake. Tunalisema hili bila uchungu mwingi, kwa kuwa mchezo hauwezi kutaja kila taifa; lakini aliyeichagua lugha kuwa sauti ya ustaarabu wote angeweza kuuliza wasemaji wake walijenga nini.

Juma lililofuata tuliupeleka wimbo darasani, tukawaambia wanafunzi waimbe "kwetu" mahali pa "yetu" yenye matata. Silabi ni mbili kwa mbili, na pigo halikupotea. Tulidhani shauri limekwisha. Kijana wetu akanyosha mkono. Alisema kwamba "mbinguni kwetu" ni jambo jingine, kwa kuwa sala haisemi mbingu ni kwetu. Kwamba ile "yetu" huenda inamrudia Baba kutoka mbali, kama mtu anayeita kwa mara ya pili baada ya kukatizwa. Ikiwa hivyo, akauliza, wimbo una kosa gani?

Darasa liligawanyika. Wengine walisema sikio halina alama za kuandikia, na mwimbaji hawezi kuweka mkato. Wengine walimuunga mkono mwenzao. Nasi tulimwambia kwamba katika wimbo tunamkubalia, ila katika insha yake hakuna Baba anayeitwa kutoka mbali, na nyumbani ni kwetu. Akaenda kusahihisha, akiimba.