Kwa Nini Kitufe Hakijibu: Uchambuzi wa Makosa ya Wanaoanza Swing

Mwanafunzi wa Java huanzia kwenye konsoli. Programu inamuuliza jina, inasubiri aandike, inamjibu, basi imekwisha. Mistari inafuatana kutoka juu hadi chini, na anaweza kuonyesha kwa kidole ni mstari upi unaofanya kazi saa hiyo. Muhula unaofuata anaambiwa atengeneze dirisha lenye vitufe na visanduku vya kuandikia, na mambo yanamgeuka. Dirisha linafunguka likiwa tupu. Kitufe kinabofywa na hakuna kinachotokea. Programu inaganda na haijibu chochote. Na yote hayo kwenye msimbo ambao kompaila imeupitisha bila kulalamika.

Makosa haya hufundishwa moja moja, kila moja na dawa yake. Mimi naona yale yanayosumbua zaidi yana mzizi mmoja. Kwenye konsoli, msimbo wako ndio unaoamua nini kifuate. Kwenye dirisha, anayeamua ni mtumiaji, na msimbo wako huitwa pale tu anapogusa kitu. Asiyeelezwa jambo hilo mapema hurekebisha kosa leo na kesho akakutana na jingine la ukoo huohuo.

Swing, maktaba ya Java ya kutengenezea madirisha, ilianza kutolewa ndani ya Java yenyewe katika toleo la 1.2, Desemba 1998, ikiwa imejengwa juu ya AWT, maktaba iliyoitangulia, iliyokuja na Java ya kwanza mwaka 1996. JavaFX ilitokea mwaka 2008 na wengi waliitazamia kuwa mrithi, lakini kuanzia JDK 11 ya mwaka 2018 haimo tena ndani ya JDK na lazima ipakuliwe peke yake. Swing bado imo. Mahali ambapo darasa zima linategemea bando la mtu mmoja, hiyo ni sababu tosha ya mwalimu kuendelea nayo.

Tuchukue programu ndogo ya duka: dirisha la JFrame, kisanduku cha jina la bidhaa, cha bei na cha idadi, kitufe cha Jumlisha, na lebo ya kuonyesha jibu. Mwanafunzi anaunda kila kitu, anakiongeza kwenye fremu kwa metodi ya add, anaendesha. Anachokiona ni lebo tu, imejaa dirisha zima. Visanduku na kitufe havionekani.

Havijapotea. JFrame hupanga vitu vyake kwa BorderLayout, ambayo ina sehemu tano: juu, chini, kulia, kushoto na katikati. Usipotaja sehemu, kitu kinawekwa katikati, na katikati hupangiwa kitu kimoja tu, kile kilichoingia mwisho. Vilivyotangulia vimebaki kwenye orodha bila kupewa ukubwa wowote. Dawa ni kuvitia kwanza kwenye JPanel, ambayo huvipanga kwa kufuatana, kisha paneli hiyo ndiyo iingie kwenye fremu. Dirisha lililofunguka tupu kabisa nalo mara nyingi lina sababu fupi: setVisible imeitwa kabla ya vitu kuongezwa. Iwe mwisho, itanguliwe na pack, ambayo huliacha dirisha lijipime kwa vilivyomo.

Wengi hapa hukata tamaa na mpangilio, wakauondoa kabisa kwa kuweka null, wakapima kila kitufe kwa pikseli. Kwenye laptopu yao inapendeza. Ukiipeleka kwenye kompyuta yenye skrini au fonti tofauti, maandishi yanakatika na vitufe vinapandana. Sishauri njia hiyo hata kwa kazi ya siku moja.

Sasa kitufe kimya. Mwanafunzi ametangaza juu ya klasi kigeu kiitwacho bei, cha aina ya JTextField. Kisha ndani ya konstrakta anaandika tena JTextField bei = new JTextField, na kukiongeza kwenye paneli. Kisanduku kinaonekana, kinaandikika. Lakini kwa kurudia neno JTextField mwanzoni mwa mstari ule ameunda kigeu kipya, cha konstrakta peke yake, kinachotoweka konstrakta ikimalizika. Kile cha juu hakijawahi kupewa kitu. Bado ni null. Mtumiaji anabofya Jumlisha, msimbo wa kitufe unamwendea yule bei wa juu kumwomba maandishi yake, na inatupwa NullPointerException.

Kwenye konsoli kosa hili lingeisimamisha programu, na mwanafunzi angelazimika kuliangalia. Swing haifi. Inaandika kosa kwenye konsoli, inalitupilia mbali tukio lile, inarudi kusubiri jingine. Dirisha linabaki mbele ya macho, zima, zuri, na kitufe kinachobonyea kama kawaida. Ndipo unaposikia malalamiko kwamba kitufe hakifanyi kazi, wakati kimefanya kazi na kikaanguka njiani. Na aliyefungua programu kwa kubofya faili la jar mara mbili hana konsoli ya kusoma chochote.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kutafuta kosa lolote la dirisha ni kuendesha programu kutoka kwenye konsoli au ndani ya NetBeans, programu ya kuandikia msimbo, na kuitazama sehemu ya chini ya skrini unapobofya. Litakalotokea ni rundo la mistari linaloanza kwa kutaja uzi (thread) uitwao AWT-EventQueue-0, na mistari mingi itakuwa ya javax.swing na java.awt. Iruke. Tafuta mstari wa kwanza wenye jina la klasi yako. Mwishoni mwake kuna namba ya mstari, na hapo ndipo pa kwenda. Tangu Java 15 ya mwaka 2020, ujumbe wa kosa hili kwa kawaida hutaja hata jina la kigeu kilichokuwa null. Kwa mfano wetu ungesema wazi kwamba this.bei ni null, na neno hilo this ndilo linalokuonyesha kwamba ni yule wa juu.

Kosa la pili la kimya linatokana na watu wenyewe. Muuza duka haandiki 1500. Anaandika 1,500 au 1,500/= kama anavyoandika kwenye daftari, au anaacha nafasi mwishoni, au haandiki kitu. Integer.parseInt haikubali hata kimoja kati ya hivyo; hutupa NumberFormatException, na kitufe kinanyamaza tena. Ondoa nafasi kwa trim, ondoa koma na alama ya shilingi, kisha kamata kosa na mwambie mtumiaji kwa lugha yake: andika bei kwa tarakimu. Kuikamata na kuacha mabano matupu, kama wengi wanavyofanya ili mistari myekundu iondoke, ni kuficha kosa lililokuwa tayari limejificha.

Tufike kwenye kuganda, ambako ndiko kwenye kiini cha mambo. Mwanafunzi anaongeza kitufe cha Hifadhi kinachopeleka mauzo kwenye hifadhidata. Kwake inachukua kitambo kidogo. Dukani, ambako mtandao unasuasua, kitufe kinabaki kimebonyea, maandishi hayaandikiki, na ukilifunika dirisha kwa dirisha jingine kisha ukalifunua unaweza kukuta pamebaki doa jeupe.

Swing ina uzi mmoja tu unaoshughulikia dirisha: kubofya, kuandika, kuchora upya, vyote. Ufikirie kama karani mmoja mwenye foleni moja. Kila tukio hupanga foleni, naye hulimaliza moja kabla ya kushika linalofuata. Msimbo ulio ndani ya actionPerformed unatekelezwa na karani huyohuyo. Ukimtuma hifadhidata akasubiri jibu huko, hakuna wa kuhudumia foleni, hata ile kazi ya kuchora dirisha lako inasubiri.

Hii si bahati mbaya ya usanifu. AWT ilikusudiwa mwanzoni iruhusu nyuzi nyingi kuligusa dirisha kwa wakati mmoja, na haikufaulu. Graham Hamilton, mhandisi wa ngazi ya juu wa Sun Microsystems, alieleza sababu yake mwaka 2004: matukio hupanda kutoka kwenye mfumo endeshi kuja kwenye programu, huku maagizo ya programu yakishuka kwenda kwenye mfumo endeshi, na kufuli zinazoshikwa kwa mifuatano miwili iliyo kinyume hufikia mahali pa kusubiriana milele. Uzi mmoja ndio uliobaki kuwa suluhisho la kuaminika.

Ukilishika hilo, mafumbo kadhaa yanajifungua yenyewe. Yule anayehesabu kutoka 10 hadi 0 kwa kitanzi chenye Thread.sleep ndani ya kitufe huona sifuri tu mwishoni, kwa sababu kila setText iliomba lebo ichorwe upya na maombi yote yalisubiri kitanzi kiishe. Anachohitaji ni Timer, ile ya javax.swing. Akiwa ameingiza na java.util yote, kompaila itagoma kwa kuwa kuna Timer mbili. Aitaje kwa jina lake kamili. Yule anayechora duara kwa getGraphics na kuliona likitoweka dirisha likipunguzwa naye ana tatizo hilohilo. Kuchora ni kazi ambayo Swing huiitisha inapotaka, kupitia paintComponent, hivyo picha lazima iandikwe humo, ikianza na super.paintComponent ili mabaki ya mchoro wa zamani yafutwe.

Kwa hifadhidata, tumia SwingWorker, iliyokuja na Java 6. Kazi nzito iende kwenye doInBackground, inayoendeshwa na uzi mwingine, na kubadilisha lebo kuende kwenye done, inayorudi kwa uzi wa dirisha. Zingatia jambo moja: kosa likitokea ndani ya doInBackground halichapishwi popote mpaka uite get ndani ya done. Wengi huiacha kwa sababu hawana jibu la kupokea, na mauzo yanapotea bila neno. Iite kila mara.

Kuhusu kufunga dirisha, maneno machache yatatosha. Alama ya X kwenye JFrame huficha dirisha tu, programu inaendelea kukaa kwenye kumbukumbu. Dirisha kuu lipewe EXIT_ON_CLOSE, na la pili, kama la ripoti, DISPOSE_ON_CLOSE; nalo likipewa EXIT_ON_CLOSE, kulifunga kutaua programu yote.

Nina neno kuhusu NetBeans, ambayo ilianza kama mradi wa wanafunzi huko Prague mwaka 1996 na sasa iko chini ya Apache. Kuburuta vitufe na kuvidondosha kwenye fomu kunampa mwanafunzi dirisha zuri siku ya kwanza. Pia kunamwandikia main yenye invokeLater, mstari unaokabidhi kazi ya kuunda dirisha kwa uzi wake halali. Anaunakili kutoka mradi hadi mradi bila kujua kazi yake, na akija kuandika dirisha kwa mkono anauacha, kwa kuwa programu inafunguka hata bila huo. Inafunguka mara nyingi, kisha siku moja isiyotabirika haifunguki vizuri, na kosa la aina hiyo halirudii ukilitafuta.

Walimu wenzangu, somo la uzi wa dirisha lisingoje sura ya mwisho ya kozi, ambayo muhula huisha kabla haijafikiwa. Lifundisheni wiki ileile mnayofundisha kitufe cha kwanza, mwanafunzi agandishe dirisha kwa makusudi kwa Thread.sleep, kisha aligandue mwenyewe kwa SwingWorker. Na wewe unayejifunza, kabla hujaomba msaada, endesha programu yako ukiwa na konsoli wazi, bofya kitufe, na usome mstari wa kwanza wenye jina la klasi yako.