Abramu, Lutu na Malisho ya Ngorongoro

Katika mahubiri tuliyoyasikia Karatu (nasi tumewahi kuhubiri hivyo), Mwanzo 13 hufasiriwa kwamba wagombanao malisho watapata amani kwa kutengana. Tafsiri hiyo haitutoshelezi. Abramu, aliye mkubwa, alianza kwa mazungumzo, kisha akamwachia mtoto wa ndugu yake achague kwanza. Ngorongoro mambo yalikwenda kinyume. Wazee wa Kimaasai walitia sahihi kuiacha Serengeti mwaka 1958, wakihakikishiwa makao Ngorongoro. 1974 wakaondolewa ndani ya kreta, 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Watu walianza kuhamishiwa Msomera 2022. Tume mbili za Rais zikazinduliwa 2025. Kusikilizwa kulichelewa. Tena wahubiri huishia sura ya 13. Katika ya 14 Abramu anamfuata Lutu aliyetekwa.