Mkorosho Haunyolewi Juni

Niseme mapema: aliyeamuru shamba lile la mfano likatwe matawi mwanzoni mwa Juni alikosea, tena vibaya. Waliofika siku ya wakulima walijionea. Mikorosho imenyolewa pande zote, safu zimenyooka, wageni wanapiga makofi.

Walikuwa wanapigia makofi korosho zilizolala chini. Mkorosho huchanua kwenye ncha za matawi machanga, nje ya kichwa cha mti, kule jua linakopiga. Matawi hayo hukomaa mvua zinapoisha. Ukipitisha panga pembeni mwezi Juni, umeondoa maua kabla hayajatoka, na mti hauna muda wa kuchipua mengine ya maana msimu huo. Halafu panga! Msumeno hukata, panga huchana gome, bungua akapata mlango.

Kibaya zaidi ni walichokiacha. Shinani, kivulini, machipukizi ya ndani yalikuwa yamesimama kama yalivyo, majani laini, unga mweupe umeshaanza kutanda. Hapo ndipo ubwiriunga hujihifadhi tangu mavuno, ukingoja kipupwe na umande uhamie kwenye maua. Kwa hiyo walikata kinachozaa, wakaacha kinachoambukiza. Nilipouliza sababu, nikaambiwa vibarua walikuwa wametoka kuvuna mpunga, wakapatikana kwa bei nafuu. Tangu lini mkorosho ukafuata ratiba ya mpunga?

Kalenda yenyewe mnaijua. Matawi makavu, yanayoburuta chini na yanayogusana na mti jirani hukatwa mara baada ya mavuno, ili mvua ziukute mti tayari kuchipua. Mei ni ya kuondoa machipukizi ya ndani na kusafisha chini ya mti. Juni msumeno unatundikwa, inashikwa salfa. Kizazi cha watafiti kina Shomari na Topper pale kituo cha utafiti cha Naliendele kilihubiri usafi wa shamba miaka ya 1990, wakati wengi walitaka kusikia habari za salfa tu. Wale walipokea zao lililoporomoka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi kama tani 16,500 msimu wa 1986/87. Hawakuwa na nafasi ya kukata miti ili ipendeze kwenye picha.

Palizi ilikuwa safi, na matawi yenye bungua yalichomwa mbali na miti. Sawa.

Ila nirudi kwenye ugomvi wangu wa siku zote, msinichoke: nafasi. Shamba lile limebanana. Ushauri wa mita 12 kwa 12 ni wa zamani, lakini watu wanabana miti wakidhani wanaongeza magunia. Miti ikikutana vichwa, pembeni hakupati jua, bloa haipiti, na mwenye shamba anaanza kunyoa. Anayenyoa kila mwaka anakwepa kazi moja tu: kupunguza miti. Mwambie ang'oe mkorosho mmoja uone atakavyokutazama, ilhali mwaka huu amekata maua ya shamba zima bila kusikia uchungu wowote.

Karibu zima, kwa kweli. Safu za mwisho hazikuguswa kwa sababu fedha za vibarua ziliisha, na ndizo zilizochanua vizuri. Meneja anasema ni tofauti ya mbegu.