Dirisha la Kumbukumbu: Namna ya Kulitambua Lililo Bora

Familia ya Lavington au Karen inapoamua kumkumbuka mama yao kwa dirisha la vioo vya rangi kanisani, mazungumzo huanzia kwenye picha: Mchungaji Mwema au Bikira Maria? Ningewaomba waanze na mwanga. Nairobi iko karibu na ikweta, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua lake halina huruma. Rangi nyepesi zinazopendeza chini ya mawingu ya London, kwetu hupauka. Hapa kioo kinataka rangi iliyokolea.

Dirisha la mashariki huwaka kwenye ibada ya kwanza. La magharibi husubiri jioni. La kaskazini hupata jua mwezi Juni, la kusini Desemba. Fundi aliyekuja kupima ukuta bila kuuliza saa ya ibada, msimpe kazi.

Ingia Kanisa Kuu la All Saints, lililochorwa na Temple Moore na kuwekewa jiwe la msingi mwaka 1917. Mawe yake yanatunza kiza, na kiza hicho ndicho kinachokipa kioo nafasi ya kusema. Kisha nenda Basilika ya Familia Takatifu, kazi ya Dorothy Hughes ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaone jinsi jengo la zege linavyodai rangi iishi kwa namna nyingine. Popote uendapo, omba taa zizimwe. Nimeona madirisha mazuri yakiuawa na taa za dari zilizowashwa mchana kutwa.

Sasa sogea karibu. Buluu husambaa: ukirudi nyuma, inamwagikia vioo vya jirani na kumeza sura za watu. Fundi mjuzi huizungushia risasi nene, ile metali inayounganisha vipande vya kioo, au huitia kivuli kwa rangi nyeusi iliyochomwa. Tazama pia mistari ya risasi yenyewe. Ikifuata mkunjo wa kanzu na ukingo wa bawa, aliyechora alikuwa akifikiri kwa risasi tangu mwanzo. Ikikata shavu la mtakatifu katikati, picha ilichorwa kwanza na kioo kikalazimishwa baadaye. Nyuso hupakwa rangi na kuchomwa kwenye tanuri, nyuzi 600 hivi za Selsiasi au zaidi. Omba kipande cha majaribio ukikwaruze kwa ukucha: rangi ikitoka, haikuiva.

Kazi ya kioo kinene kilichopangwa ndani ya saruji, kama ile ya karakana ya Kitengela aliyoianzisha Nani Croze, ina mizani yake. Pale tafuta kingo zilizomenywa kwa nyundo, zinazovunja mwanga kama maji ya mto. Uso laini mtupu ni nafasi iliyopotezwa.

Jihadhari na stika zilizochapishwa na kubandikwa juu ya kioo cha kawaida. Toka nje mchana: dirisha la kweli huonekana jeusi, karibu halina sura. Ndani, pitisha kidole. Usipokutana na tuta la risasi wala saruji, umeuziwa karatasi.

Jina la anayeheshimiwa likae chini, kwa herufi zilizochomwa ndani ya kioo, zinazosomeka na mtu aliyesimama. Huko Chartres, Ufaransa, waoka mikate na washona viatu wa karne ya 13 wanaonekana kazini kwenye sehemu za chini za madirisha, na heshima yao imedumu. Katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, dirisha mojawapo linawakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliofia doria za kuzuia biashara ya utumwa. Kwa hiyo sipendi marehemu avikwe uso wa mtakatifu. Kama mama alikuwa mkunga, mikono inayopokea mtoto itamtaja vizuri zaidi, na iwe mikono ya Kiafrika.

Mwisho, kagua mifupa. Paneli kubwa lazima ifungwe kwenye fito za chuma kwa waya wa shaba, la sivyo risasi italegea na dirisha litavimba. Ligonge polepole kwa kidole: likicheza, puti imekauka au haikutiwa ya kutosha. Na kabla ya kulipa salio, dai mchoro wa ukubwa kamili pamoja na vipande vya akiba vya kila rangi, vihifadhiwe ofisi ya parokia, kwa kuwa siku jiwe litakapopenya, rangi ileile huenda isipatikane tena dukani.