Vinara vya Askofu Myriel: Upole Usiodai

Mara nyingi tumewasikia wahubiri wakisimulia habari ya mfungwa aliyeiba vyombo vya fedha nyumbani mwa askofu, akakamatwa na kurudishwa, naye askofu akamwongezea vinara viwili. Habari hiyo imo katika riwaya ya Victor Hugo, Les Misérables, iliyotolewa mwaka 1862 mwandishi akiwa uhamishoni Guernsey. Mimbarani huishia kwenye vinara. Msomaji wa kitabu chenyewe hukuta zaidi.

Upole wa Myriel haukuanza usiku ule. Siku tatu baada ya kufika Digne aliwakuta wagonjwa 26 wamesongamana katika nyumba ndogo, ilhali yeye, dada yake na mtumishi wao walikaa katika jumba la kutosha watu 60. Akabadilishana nao. Katika mshahara wa faranga 15,000 kwa mwaka, alijiwekea 1,000 tu. Basi alipowaambia askari kwamba vyombo vile alimpa Jean Valjean, mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea kuachilia. (Kama maneno yale yalikuwa uongo, hilo twawaachia walimu wa maadili.)

Hata hivyo kuna neno linalotusumbua. Akimuaga, askofu amwambia Valjean asisahau ahadi yake ya kuwa mtu mwema, ilhali Valjean hakuahidi lolote. Tena asema ameinunua nafsi yake ili amtolee Mungu. Sisi tuliofundishwa kupambanua sheria na Injili hatuwezi kulipita hilo kimya. Nafsi ile ilikwisha kununuliwa, wala si kwa fedha ya Digne. Zawadi inayodaiwa marejesho ni sheria iliyovikwa joho la Injili, na mtindo huo twaujua: mkuu humsamehe mtenda kazi mbele ya watu, kisha humkumbusha msamaha ule katika kila kikao. Hugo mwenyewe yaelekea aliiona hatari hiyo, kwa maana baada ya kuagana tu Valjean anampokonya mtoto, Petit-Gervais, sarafu ya su 40. Ahadi aliyowekewa kinywani haikumzuia. Alipomtafuta mtoto asimpate, ndipo alipolia.

Kwa maoni yetu sura iliyo bora ni nyingine, ambayo wahubiri hawaisimulii. Myriel anakwenda kwa mzee anayekaribia kufa, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Mapinduzi ya Ufaransa, mtu aliyetengwa na mji mzima. Anafika akiwa na kinyongo, hata anaudhika kwamba hakuitwa kwa cheo chake. Wanabishana juu ya mfalme, juu ya damu iliyomwagika, juu ya watoto wa maskini. Mwishowe askofu ndiye anayepiga magoti na kuomba kubarikiwa. Hapa hana fedha ya kutoa wala mtu wa kumwia deni. Anasikiliza, na kiburi chake kinamtoka. Tukitafuta kielelezo cha uaskofu na uchungaji, tuanzie kando ya kiti cha mzee yule.

Limebaki jambo la nyumbani. Mlango wa Myriel haukufungwa kwa komeo, na Bi Magloire, mtumishi, alikuwa akiomba makomeo yarudishwe usiku uleule Valjean alipobisha hodi. Vyombo vilipoibwa akauliza askofu atakulia nini; akajibiwa kwamba vijiko vya mti vipo. Mwandishi anapita haraka mahali hapo. Sisi tungependa angalikawia kidogo, amwulize Bi Magloire alilalaje usiku ule.